Anayechaguliwa na Anayechagua

Morogoro inayo rekodi ya dunia, na mwenye rekodi ni panya. Anaitwa Ronin, panya buku aliyezaliwa hapa mji kasoro bahari, akafundishwa kunusa vilipuzi na shirika la APOPO lenye kambi yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kisha akapandishwa ndege kwenda Kambodia. Aprili 2025 Guinness walimtangaza kuwa panya aliyegundua mabomu mengi ya ardhini kuliko panya mwingine yeyote: 109, ukiacha vilipuzi vingine 15.

Aliyemtangulia, Magawa, alivishwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Lakini kilichonivutia kwa Magawa ni namna alivyostaafu. Juni 2021 umri ulipomwelemea, hakuondolewa kazini siku hiyo hiyo. Aliachwa wiki chache katikati ya panya wapya ili wazoee kazi wakiwa na mkongwe wao. Baada ya hapo ndipo alipoachiwa ndizi na karanga zake. Mchezaji akawa meneja, japo kwa wiki chache na japo ni panya.

Kisa hicho hunijia kila nikipita kiwanja kimoja cha kikapu hapa mjini, jioni, wingu likiwa limekalia kilele cha Lupanga. Kiwanja ni cha saruji. Ringi moja haina wavu. Mstari wa pointi tatu umefutika upande wa mlimani, kwa hiyo kila mtupo wa mbali unafungua mahakama: "Umekanyaga!" "Sijakanyaga, bwana!" Vijana wengi pale ni wa vyuo, na wakipumzika ubishi wao ni uleule: nani mkali kuliko wote, nani mrefu, nani kafunga nyingi. Mimi nawaongezea swali la Magawa: nani alitundika raba, halafu akawafaa wenzake kuliko alipokuwa anacheza?

Orodha hii ni jibu langu. Inaanzia kwenye rekodi za uwanjani na kumalizikia kwenye zile za ofisini.

Mizuio mingi kuliko pointi: Manute Bol

Mdinka huyu wa Sudan Kusini alikuwa na kimo cha mita 2.31. Ringi ya kikapu iko mita 3.05 kutoka sakafuni, kwa hiyo kati ya utosi wake na chuma palibaki sentimita 74 tu. Marekani alicheza msimu mmoja wa chuo, 1984–85, katika Chuo Kikuu cha Bridgeport, na mwaka 1985 akaingia NBA. Msimu wake wa kwanza tu alizuia mitupo 397. Alipoondoka kwenye ligi hiyo alikuwa amefunga pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086. Miongoni mwa waliodumu NBA, mwenye hesabu iliyopinduka hivyo ni yeye peke yake.

Machi 1993 aliwashangaza hata mashabiki wake. Katika nusu moja ya mchezo dhidi ya Phoenix alitumbukiza mitupo sita ya pointi tatu, yule yule mtu wa kusimama chini ya ringi. Hata hivyo, kazi yake iliyozaa matunda mengi kuliko zote haimo kwenye takwimu. Akiwa Misri alikutana na familia moja ya wakimbizi kutoka Sudan na kuwafundisha watoto wake kikapu. Mdogo mmoja wa familia hiyo tutakutana naye mbele.

Daktari aliyekosekana: Dikembe Mutombo

Mutombo wa Kinshasa alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown kusomea udaktari. Kikapu kikamteka. Alikuwa Mchezaji Bora wa Ulinzi wa NBA mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001, na mizuio yake 3,289 inamweka wa pili katika historia ya ligi, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Akikuzuia, alikutikisia kidole kama mzazi anayemkataza mtoto kugusa sufuria ya moto. Udaktari hakuupata, ila mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la marehemu mama yake ilifunguliwa Kinshasa. Alifariki Septemba 30, 2024.

Usiku wa rebaundi nyingi: vijana wa Lubumbashi

Lubumbashi, mji wa Katanga ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani, una wana wawili wanaojua kuugombea mpira uliogonga chuma. Oscar Tshiebwe, akiichezea Kentucky, alikamata rebaundi 28 katika mechi moja dhidi ya Western Kentucky, Desemba 2021. Msimu ulipokwisha alikuwa ameshinda tuzo ya Naismith ya mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani. Ukitaka mfano wa nyota wa chuo kutoka ukanda huu, usitafute mwingine kwanza.

Mwenzake, Bismack Biyombo, chuo hakupitia. Mei 2016, katika mechi ya mtoano dhidi ya Cleveland, aliikamatia Toronto Raptors rebaundi 26, rekodi ya klabu hiyo. Miaka michache baadaye alitoa mshahara wake wa msimu mzima ili ijengwe hospitali Kongo kumkumbuka baba yake. Ikumbuke Toronto hiyo ya 2016, maana kiongozi aliyeisuka timu ile naye ana damu ya Afrika Mashariki.

Namba yenye bahati kuliko zote: saba

Kila mwaka NBA hupanga foleni ya kuchagua vijana. Luol Deng, aliyezaliwa Wau, Sudan Kusini, alichaguliwa wa saba mwaka 2004. Biyombo akawa wa saba mwaka 2011. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, akawa wa saba mwaka 2021, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa na Golden State Warriors akiwa na miaka 19. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo namba saba, tukiamua kujisifu kidogo, ni namba ya Jumuiya.

Mtanzania aliyechaguliwa mapema kuliko wote: Hasheem Thabeet

Hapa ndipo vijana wa kiwanjani hunyanyuka. Thabeet alizaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987, na mpira wa kikapu aliushika akiwa na miaka 15, umri ambao wengi wameshajua kama watakuwa wachezaji au la. Miaka minne baadaye alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, mita 2.21, akisimama chini ya ringi kama mnara wa simu. Mwaka 2008 na tena 2009 alitajwa mchezaji bora wa ulinzi wa vyuo Marekani. Mwaka 2009 aligawana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa kanda ya Big East, na UConn ikafika nusu fainali ya taifa.

Juni mwaka huo Memphis Grizzlies ilimwita wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu, James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Soma tena mpangilio huo taratibu: kijana wa Dar aliitwa kabla ya Curry. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Yaliyofuata yanauma. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, alishushwa ligi ndogo. Hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu kiasi hicho kisha akashushwa, kwa hiyo nayo ikaandikwa kuwa rekodi. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, halafu akacheza Japani na Taiwan. Mashabiki wetu humhukumu kwa hayo, na ndipo ninapobishana nao. Thabeet hakujiweka nafasi ya pili. Kuna watu waliokaa mezani na mafaili, wakapima kimo chake na miaka yake michache ya mazoezi, wakaamua. Kama namba ile ilikuwa mzigo mzito, aliyeupakia alikuwa ofisini. Kijana aliubeba tu.

Siku ile Tanzania ilimtoa aliyechaguliwa. Je, anayechagua anatoka wapi?

Ngazi ndefu kuliko zote: Masai Ujiri

Jibu la karibu kabisa lina mama Mkenya. Masai Ujiri alizaliwa Bournemouth, Uingereza, mwaka 1970, baba Mnigeria, mama daktari kutoka Kenya, akakulia Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Akiwa chuoni hakuna aliyemtungia wimbo. Alicheza miaka miwili chuo cha Bismarck, Dakota Kaskazini, mahali pa baridi ya kugandisha mate, akahamia Montana kwa muda mfupi, kisha akazunguka ligi za Ulaya ambazo mshahara wake haumpeleki mtu gazetini. Mwaka 2002 akaacha kucheza.

Kazi yake ya kwanza NBA ilikuwa ya kutafuta vipaji kwa ajili ya Orlando Magic, bila mshahara, nauli akijilipia mwenyewe. Denver Nuggets wakamwajiri. Toronto ikamchukua. Mwaka 2010 Denver wakamrudisha, safari hii akiwa mkuu wa masuala yote ya mpira, na mwaka 2013, timu hiyo iliposhinda mechi 57, akatajwa Kiongozi Bora wa Mwaka wa NBA. Kabla yake tuzo hiyo haikuwahi kutoka mikononi mwa Wamarekani.

Mwaka huo huo alirudi Toronto akiwa bosi. Julai 2018 alifanya jambo lililowatoa watu machozi mjini: alimuuza DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki, akamleta Kawhi Leonard aliyebakiza mwaka mmoja tu kwenye mkataba. Walimlaani mtaani. Juni 13, 2019 Raptors waliifunga Golden State katika mechi ya sita ya fainali, wakawa timu ya kwanza nje ya Marekani kutwaa ubingwa wa NBA. Leonard aliondoka majira hayo hayo, lakini kombe lilibaki kabatini Toronto. Ujiri aliiongoza timu hiyo hadi Juni 2025.

Taasisi yake, Giants of Africa, iliyoanza 2003, huendesha kambi za vijana na kujenga viwanja barani. Lakini funzo la Ujiri kwa kijana wa chuo ni dogo na la kila siku: alikuwa mchezaji wa kawaida aliyeangalia sana. Wakati wenzake wanahesabu pointi, yeye alikuwa anahesabu watu.

Shirikisho lililopaa kwa kasi kuliko yote: Sudan Kusini ya Luol Deng

Ujiri alipanda ngazi iliyokuwa imeshaegemezwa ukutani. Deng ilimbidi aichonge ngazi yenyewe. Yeye ndiye yule mdogo wa familia iliyokutana na Manute Bol Misri. Kutoka Misri walipata hifadhi London, kutoka London akaenda shule Marekani akiwa na miaka 14, kisha msimu mmoja wa kung'ara Chuo Kikuu cha Duke, 2003–04, pointi 15.1 kwa mechi, na nusu fainali ya taifa. Miaka karibu kumi aliichezea Chicago Bulls, na mwaka 2012 na 2013 aliitwa kwenye mechi ya nyota.

Oktoba 2019 alistaafu. Mwezi uliofuata alikuwa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini. Fikiria alichokabidhiwa: nchi iliyopata uhuru Julai 2011, yenye uanachama wa shirikisho la dunia, FIBA, tangu 2013, na isiyokuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani wa kuchezea. Timu ya taifa ilifanya mazoezi ugenini. Deng alitoa fedha mfukoni, akapiga simu kwa wachezaji wenye asili ya Sudan Kusini waliotawanyika Marekani na Australia, akamleta kocha Royal Ivey.

Mwaka 2021 walicheza AfroBasket kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 walishinda mechi tatu za Kombe la Dunia, dhidi ya China, Ufilipino na Angola, wakamaliza juu ya timu zote za Afrika na kukata tiketi ya Olimpiki. Julai 20, 2024, London, Marekani yenye LeBron James na Curry iliponea kwenye tundu la sindano: 101 kwa 100, kwa kikapu cha LeBron sekunde za mwisho. Siku nane baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, wenye uwanja waliwapigia wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wa kwao. Wachezaji walisimama, wakasubiri, wakapigiwa wa kwao, wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa Olimpiki. Kutoka kiti cha urais hadi ushindi huo haikupita hata miaka mitano.

Timu yetu iliyotoa viongozi wengi: Taifa Stars ya 1980

Kwetu kikapu bado hakijatoa mtu wa namna hiyo, lakini michezo mingine imetoa. Suleiman Nyambui alikuwa nyota wa chuo hasa: akiwa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati yake akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow, 1980. Baadaye akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha nchini. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch Februari 2, 1974 kwa dakika 3, sekunde 32.16, alikalia ukatibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kuanzia 2002, kwa zaidi ya miaka 20.

Lakini timu moja inawazidi. Ni ile iliyokwenda Lagos, Fainali za Mataifa ya Afrika 1980, kwa bao la Peter Tino kule Ndola mwaka mmoja kabla. Uwanjani Lagos haikushinda mechi hata moja, na tulisubiri hadi 2019 kurudi fainali hizo. Nahodha wake, Leodegar Tenga, mhandisi kwa taaluma, alikuja kuwa Rais wa TFF kuanzia 2004 hadi 2013, akaongoza na CECAFA. Mmoja wa makocha wake, Joel Bendera, alikuja kuwa mbunge, Naibu Waziri mwenye dhamana ya michezo, kisha Mkuu wa Mkoa. Mkoa gani? Morogoro.

Mji wenye sababu ya kujaribu

Morogoro imezoea kutangulia pale isipotarajiwa. Mwaka 1975 Mseto ya hapa ilikuwa klabu ya kwanza kuutoa ubingwa wa soka wa nchi nje ya Dar es Salaam. Mwaka 1999 na 2000 Mtibwa Sugar, timu ya wakata miwa wa Turiani, iliubeba mara mbili mfululizo, Simba na Yanga wakiangalia.

Sasa angalia tena orodha. Bridgeport, Georgetown, Kentucky, Connecticut, Bismarck, Duke, El Paso: karibu kila aliyetajwa alipitia chuo. Na huu ni mji wa vyuo. SUA iko chini ya mlima. Kando ya barabara ya Iringa iko Mzumbe, iliyoanza 1953 ikifundisha watawala wa serikali za mitaa, ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001. Tunacho chuo ambacho kazi yake tangu mwanzo ni kuandaa watu wa kukaa ofisini na kuamua. Mwanafunzi wake anayecheza kikapu jioni amejifunza bajeti, ununuzi na utumishi asubuhi. Ujiri hakuwa na bahati hiyo.

Kinachokosekana ni mazoea ya kuona ofisi kuwa sehemu ya mchezo. Tukimpata mrefu tunamtafutia nauli ya kwenda nje. Anayepanga ratiba tunamwita mpenda vyeo.

Pale kiwanjani kuna kijana mmoja ambaye hachezi sana. Si mrefu. Hukaa kwenye tofali pembeni na daftari la kurasa 48. Ndani yake kuna majina, namba za raba, nani kachangia shilingi mia tano ya mpira mpya na nani anadaiwa, nani ameumia kidogo asichezeshwe Jumamosi, na chuo gani kimekubali mechi ya kirafiki. Wenzake humtania kuwa ni karani. Wiki iliyopita mpira ulipasuka, na mpya ukapatikana kabla ya magharibi kwa sababu daftari lilijua fedha iko kwa nani.

Watu wa vyama vya kikapu, walimu wa michezo na wakuu wa vyuo vya Morogoro: mkija kutafuta vipaji, chukueni futi ya kupimia warefu kama kawaida. Kisha mwulizeni yule wa pembeni awaonyeshe daftari lake.